Kufuli Moja, Watu Wawili

Sehemu ya Sita

Mlionifuata tangu mwanzo mnajua nilipofikia. Wewe uliyeokota gazeti hili kwenye kiti cha kinyozi, sogea nikupashe. Mimi ni fundi wa laini katika kampuni ya umeme. Mume wa dada yangu alikuwa fundi mwenzangu. Mrefu kupita kiasi, tukamwita Ngazi, na hilo jina likamkaa mpaka kaburini. Wiki sita zilizopita alifia juu ya nguzo, na mkono uliowasha ile laini ni huu huu ninaoandikia.

Kazi yetu ina sheria moja ambayo hata mlinzi wa getini anaijua. Ukizima laini, unafunga swichi kwa kufuli nyekundu. Kila fundi ana yake, imeandikwa jina lake kwa rangi nyeupe, na ufunguo anauvaa shingoni. Mkiwa wawili kufuli mbili, mkiwa sita kufuli sita. Mmoja akibaki juu, kufuli yake inabaki pale chini, na hapo hata mkubwa gani akija, umeme haurudi.

Na kabla hujafungua ya kwako, unamwita mwenzako kwa jina. Akiitika "Nipo chini!" ndipo unafungua.

Siku ile kwenye swichi palikuwa na kufuli moja. Yangu.

Wachunguzi waliponihoji nilijibu hivi: "Mimi nilifungua kufuli yangu. Yake sikuiona." Haya, niambieni uongo uko wapi hapo. Kila neno la kweli tupu! Lakini yapo mengine niliyameza, na yamenikaa kooni mpaka leo.

Sasa twende.

Jumanne alasiri nilikuwa kwa dada yangu natengeneza mguu wa meza ambao haukuwa na ugonjwa wowote. Tangu tuzike nimekuwa fundi wa kila kitu pale ndani. Bomba nimelikaza, mlango nimeupiga randa, taa nimebadilisha hadi zilizokuwa zinawaka. Kitu kimoja tu sikugusa: uani sikutia mguu. Sababu mtaijua sasa hivi.

"Hodi!"

Alikuwa Afisa Uhusiano wa kampuni, binti mpole, viatu kavishika mkononi kwa sababu dada alikuwa ametoka kupiga deki. Kwapani ana bahasha ya kaki.

"Dada, poleni tena," akasema. "Nimekuletea ukurasa usome."

"Ukurasa wa nini?"

"Kila mwaka tunatoa kitabu. Tumefanya nini kwa mazingira, tumewafanyia nini watu, na sisi wenyewe tunajiongoza vipi. Mwaka huu ajali ya marehemu imo. Bodi imesema haifichwi. Lakini hatuchapi mpaka wewe usome na ukubali."

Najua mngependa kampuni iwe ndiyo shetani wa hadithi hii. Hata mimi ningependa, ningepumzika. Lakini nisiwasingizie watu. Ngazi alipokufa walisimamisha kazi siku tatu nchi nzima. Ule ubao wa getini unaohesabu siku bila kifo kazini, ambao ulikuwa umefika mia sita na kumi na moja, waliurudisha sifuri mbele ya macho yetu. Walichunguza kwa moyo wote. Waliandika walichoambiwa, na aliyewaambia ni mimi.

Dada alisoma kwa sauti, kidole juu ya mstari, kama anavyomsomesha mwanawe.

"'Marehemu alipanda nguzo bila kufunga kufuli yake binafsi kwenye swichi, kinyume cha kanuni. Kufuli hiyo haikupatikana.'"

Kidole kikasimama.

"Kufuli ipi?" akauliza. "Ile nyekundu? Yenye jina lake?"

"Ndiyo hiyo, dada. Tunadhani aliipoteza."

"Angekuwa ameifunga, asingekufa?"

Binti wa watu akanitazama mimi, kwamba nimsaidie. Mimi nikautazama mguu wa meza.

"Wataalamu wanasema asingekufa," akajibu polepole. "Samahani sana."

Dada akaukunja ule ukurasa mara mbili. "Niachie. Nitakujibu."

Afisa alipotoka, dada alibaki na ule ukurasa mkononi. Mimi nikaendelea kugonga msumari usiohitajika. Mwisho akainuka.

"Kaka, njoo uani."

Nikaweka nyundo chini, nikaenda. Pale uani wana kisima cha maji ya mvua, kimejengewa kwa saruji, juu mfuniko wa chuma. Na kwenye mfuniko, nyekundu kama siku iliyotoka stoo, ilining'inia kufuli. NGAZI, kwa rangi nyeupe.

"Kufuli ya zamani ya kisima ilikatika jioni ya kuamkia siku ile," dada akasema. "Na mwanangu huyu, Bibi, alishafunua huu mfuniko mara mbili, anataka kujiona sura ndani ya maji. Nikaogopa. Nikaingia kwenye begi la baba yake, nikaitoa hii nikaibana hapa. Nikasema asubuhi nitamwambia. Asubuhi usingizi ukanipitia. Alijiandalia chai mwenyewe akatoka, hakutaka kuniamsha."

"Dada..."

"Walipomleta, walinipa saa yake, pete na ufunguo. Nikaujaribu hapa, ikafunguka. Sikuwaza kitu, kaka. Wiki zote hizi nafunga na kufungua, nachota maji, napika, nafua. Nanawia uso maji ya humu." Akaigusa ile kufuli. "Kumbe nimemuua mume wangu kwa mkono wangu."

Ndugu zangu, hapo ndipo palikuwa mahali pake. Uani tulikuwa wawili, mchana kweupe, hakuna wa kunizuia. Nilikuwa na sentensi moja ya kumtoa yule mwanamke motoni.

Nikasema, "Usiseme hivyo."

Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa busara yangu yote.

Mara akatokea Bibi na kikombe chake. Bibi ni mtoto wa miaka mitano, tumemwita hivyo kwa sababu anatembea mikono nyuma na anatugombeza wote. Dada akafungua kufuli, akamchotea maji. Alipotaka kurudisha mfuniko, mtoto akainua mkono.

"Bado! Hujaita."

Dada akafumba macho. "Ita wewe."

"Mama!"

"Nipo."

"Mjomba!"

Mimi nikaitazama ile kufuli.

"Mjomba, itika! Baba alisema usifunge wala usifungue kabla hujaita watu."

"Nipo," nikasema, na sijui sauti ile ilitoka kwa nani.

Sasa niwaambie nilichokuwa nimekimeza.

Asubuhi ya siku ile, mimi na Ngazi tulifika kwenye swichi pamoja. Akafungua begi kunionyesha, akacheka.

"Shemeji, kufuli yangu leo ina kazi nyumbani. Nimeikuta kwenye mfuniko wa kisima, dada yako kaibana pale kwa ajili ya Bibi. Ningeitoa, pale ningefunga na nini? Kamba ya kiatu? Funga yako moja itutoshe. Mimi na wewe si mtu mmoja?"

Mmeona? Aliiona. Aliiacha mwenyewe kwa akili zake, kwa ajili ya mtoto wake. Dada yangu hakumuua mtu. Na anayelijua hilo duniani ni mimi peke yangu.

Kanuni ilinitaka niseme hapana. Nirudi ofisini nikachukue kufuli ya akiba, nusu saa tu kwenda na kurudi. Lakini sikusema hapana, sikusema ndiyo. Nilifunga yangu kimya kimya, nikavaa ufunguo shingoni, nikaondoka. Nilikuwa nimemnunia.

Msicheke. Au chekeni, mwenyewe angecheka. Wiki ile tulikuwa na semina ya uwajibikaji kazini, na mimi baada ya chakula nikasinzia mstari wa mbele. Mkufunzi mama mmoja akanigusa bega akaniuliza, "Na wewe, uwajibikaji ni nini?" Nikakurupuka, "Naam, mama!" Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Asubuhi ile kwenye gari, Ngazi aliwasimulia vijana wapya, tena kwa vitendo, na kukoroma juu. Mpaka tunafika wote wananiita Naam-Mama. Mtu mzima wa miaka arobaini na minne nikavimba kama andazi.

Tukafanya kazi siku nzima sina neno naye. Saa tisa kasoro tukamaliza. Nilimwona kwa macho yangu akishuka nguzo ya tano, anavua glavu. Nikazunguka kona kwenda kwenye swichi, na kutoka pale nguzo ya tano haionekani. Redio ikanikoromea: zahanati inasubiri umeme, mko chini? Nikasema tuko chini. Nikafungua kufuli, nikasukuma mkono wa swichi juu.

Ngazi alikuwa amesahau koleo kule juu. Alirudi kuifuata.

Nikasikia mlio mmoja tu.

Basi Jumatano asubuhi nikaamua. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikavaa shati safi nikaenda kwa Meneja.

"Bosi, nimekuja kwa habari ya kufuli."

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Kaa chini." Akazunguka meza, akakaa kiti cha wageni kando yangu, jambo ambalo halijawahi kutokea. "Najua unavyojilaumu. Yule mshauri tuliyemleta amenieleza. Anayebaki hai hujilaumu, hata kama hana kosa. Unasema ningefanya hivi, ningefanya vile."

"Bosi, mimi sijilaumu, mimi ndiye..."

"Hayo hayo!" Akanishika mkono. "Anasema mtakuja na maneno hayo hayo. Usiyapinge, usiyameze, yaache yapite. Sikiliza. Ijumaa tunazindua kitabu. Mafundi wamepiga kura ni nani ale kiapo cha usalama kwa niaba yao. Umepata kura thelathini na moja kwa mbili."

Wale wawili walionikataa, popote walipo, nawaheshimu.

"Bosi, nisikilize kwanza. Siku ile..."

Macho yake yakajaa machozi. Mzee mzima, tai shingoni! "Nilimpenda yule kijana," akasema. "Usinifanye nilie ofisini."

Nikatoka na karatasi ya kiapo mkono huu, helmeti mpya mkono ule. Mimi ni mtu niliyeingia kutubu nikatoka nimepandishwa cheo. Njiani vijana wakanipigia makofi. Hakuna aliyeniita Naam-Mama, na nilitamani aniite.

Msiseme nilizuiwa. Nilizuiwa mara moja kwa wema, na nikauchukua ule wema nikajifunika. Anayetaka kusema kweli huisema hata mlangoni, hata ngazini, hata kwa mfagia ofisi. Mimi nilisema moyoni, basi, nimejaribu.

Alhamisi mchana nikarudi kwa dada. Nilimkuta mbele ya kioo cha kabati, anasema peke yake. Aliponiona hakuona haya.

"Jana nilisaini ule ukurasa wachape, kosa lake nitalisahihisha kwa mdomo wangu," akasema. "Na nimemwomba yule binti nafasi ya kuzungumza kesho. Amekubali, amefurahi. Amesema ni vizuri familia zisikie."

"Uzungumze nini?"

"Niwaambie wake wa mafundi. Begi la mumeo usiliguse. Kitu chake cha kazi ukikiona jikoni, mkimbilie nacho hata peku. Niwaambie mimi nilifanya nini."

"Mbele ya watu wote?"

"Wamemwandika mume wangu kwamba alivunja kanuni, kaka. Hakuvunja. Alinyang'anywa. Kama lazima jina la mtu lichafuke, lichafuke la aliyefanya." Akakaa kitandani. "Mama mkwe nimeshamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua mtandio wake akaondoka. Hakuniaga. Kesho atakuwepo."

"Dada, usiende."

"Kwa nini nisiende?"

Mdomo nikaufungua. Nikaufunga.

"Kuna kitu kimoja kinaniua," akaendelea, kama hakuniona. "Alinipigia saa saba mchana siku ile. Anacheka, unamjua. Ananiambia, kaka yako kaninunia leo, hata maji ananipa kwa kuyaweka chini nijiokotee. Akanisimulia ya semina, tukacheka wote. Sasa mbona hakunitajia kufuli? Angenitajia ningekimbia nayo mpaka kwenye nguzo. Kwa nini hakunitajia?"

Kwa sababu kwake halikuwa jambo, dada yangu. Alishaliamua mwenyewe asubuhi na mapema. Hayo nilimjibu moyoni, kwa ufasaha kabisa.

"Labda alisahau," nikasema kwa mdomo.

Nilikula kwake siku ile. Alinipakulia nyama kubwa kuliko aliyojipakulia yeye.

Ijumaa saa tatu asubuhi ukumbi ulishajaa. Mbele kitambaa kirefu kimeandikwa KILA ANAYETOKA NYUMBANI ARUDI NYUMBANI. Pembeni vitabu vipya vimepangwa, vinanuka wino. Mlangoni kila mgeni alipewa mche wa mti kwenye mfuko mweusi akapande kwake, ikawa watu wameketi wamepakata miti kama wanabeba watoto. Bibi alipewa wake, akakataa kuuweka chini.

Dada alikaa mstari wa mbele, gauni jeusi, pochi mapajani. Nilijua ndani ya pochi kuna nini. Viti viwili kutoka kwake alikaa mama yake Ngazi, uso kaugeuzia dirishani.

Meneja akasema. Mwenyekiti wa bodi akasema. Wakasoma miti iliyopandwa, moshi uliopunguzwa, nyumba zilizopata umeme. Kisha Afisa Uhusiano akashika kipaza sauti.

"Sasa tunamkaribisha mjane wa marehemu. Ana neno kwa familia zetu."

Dada akainuka. Akaweka mkono ndani ya pochi. Nilimwona anavuta pumzi kama mtu anayeingia maji asiyoyajua kina.

Sikumbuki nilivyofika mbele. Nakumbuka helmeti mpya ikianguka na kubingirika, na mtu akisema "Bado zamu yako, fundi!" Nikachukua kipaza sauti kwenye mkono wa yule binti.

"Asiseme," nikasema. "Hana la kusema yule. Nitasema mimi."

Yule binti akarudi nyuma hatua moja.

"Kufuli ya Ngazi haikupotea. Ilikuwa nyumbani kwake, kwenye mfuniko wa kisima, kumlinda mtoto wake. Mke wake aliiweka pale, na Ngazi aliiona asubuhi akaiacha kwa hiari yake. Aliniambia. Nilijua tangu saa mbili asubuhi kwamba hana kufuli. Tulitumia yangu, kufuli moja watu wawili, na ufunguo nilikuwa nao mimi. Mimi ndiye niliyefungua yeye akiwa juu. Wachunguzi waliponiuliza nikasema yake sikuiona. Ukurasa ule ni wangu. Ufuteni."

Nilisema yote hayo bila kupumua. Yote, kasoro moja. Hiyo moja ilifika kwenye ulimi, nikairudisha ndani.

Nikangoja mawe.

Badala yake nikasikia kofi moja, halafu la pili. Afisa Uhusiano alikuwa anapiga makofi, machozi yanamtiririka. Meneja akasimama. Mafundi nyuma wakasimama, viti vikalia, ukumbi mzima ukanguruma. Mtu akapaza sauti, "Huo ndio uwajibikaji!" Mwenyekiti wa bodi akanipigia makofi mikono juu ya kichwa.

Naona aibu kuwaambia hili, lakini tumekubaliana nisifiche. Nilifurahi. Mwili ulikuwa mwepesi kuliko siku zote zile. Nikajiambia, kumbe ilikuwa rahisi hivi. Kumbe yamekwisha.

Dada yangu hakupiga makofi.

Alikuja mpaka mbele, taratibu. Akaitoa ile kufuli kwenye pochi, akaiweka mezani juu ya vitabu vipya. Watu walipoiona wakakaa chini mmoja mmoja.

"Aliiona?" akaniuliza. Sauti ndogo, lakini kipaza kilikuwa katikati yetu na wote walisikia.

"Aliiona."

"Akaiacha mwenyewe?"

"Mwenyewe, dada. Alisema pale angefunga na nini, kamba ya kiatu. Alikuwa anacheka."

Hapo ndipo alipolia. Wiki sita sikuwa nimemwona akilia, wala siku ya kuzika. Alilia kwa sauti, ameshika ukingo wa meza, na mama mkwe wake akatoka kwenye kiti akaja akamshika kiuno. Mimi nikanyoosha mkono nimshike bega.

Akausogeza bega pembeni.

Alijifuta uso kwa kiganja, akanitazama. Macho yale nayajua tangu tukiwa watoto, tangu nilipokuwa navunja kitu na kukificha chini ya kitanda, na yeye anakuja kusimama mlangoni tu.

"Saa saba aliniambia umemnunia."

"Ndiyo."

"Saa tisa ulikuwa bado umenuna?"

Nyuma yake Bibi alikuwa amesimama juu ya kiti, mche wake kaukumbatia, anatusikiliza kwa makini kama tunacheza ule mchezo wao.

"Kaka," dada yangu akasema. "Kutoka kwenye swichi mpaka nguzo ya tano, mtu akiita, sauti inafika?"

"Inafika."

"Ulimwita?"

Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwangu.